Sambusa ya nyama inayotiririka mafuta: kosa liko kwenye manda, si kwenye karai

#1 Fundi_Manda (Ngarenaro, Arusha)

Wakuu, salaam.

Kila anayelalamika kwamba sambusa zake zinakunywa mafuta anaambiwa "ongeza moto". Nabisha. Sambusa ikiminywa ikatoa mafuta, kosa mara nyingi lilishafanyika kabla karai haijabandikwa jikoni. Manda, yaani ile ngozi ya unga ya kufungia nyama, ikiingia kwenye mafuta bado ina maji mengi, maji yanatoka kama mvuke, yanaacha vitundu, na mafuta yanakaa palepale maji yalipokuwa. Ndiyo maana tunababua manda kwenye chuma cha chapati kwanza.

Kipimo changu, ili tubishane juu ya kitu kinachoshikika: unga wa ngano nusu kilo, chumvi kijiko kimoja cha chai, mafuta kijiko kimoja cha chakula, maji ya uvuguvugu kama mililita 260. Maji usimwage yote kwa mpigo, kila unga una kiu yake. Donge liwe gumu kidogo kuliko la chapati. Kanda dakika 10, funika, liache nusu saa mpaka saa nzima. Gawa madonge 20, kila moja gramu 38 hivi.

Sukuma kila donge lifike upana wa kisahani. Paka mafuta kwa brashi, mafuta membamba tu, nyunyizia unga, bandika jingine juu. Rundo moja matano. La juu kabisa usilipake kitu. Halafu sukuma rundo zima, ukiligeuza mara kwa mara, mpaka lifike sentimita 24. Weka kwenye chuma kikavu, moto mdogo, sekunde 30, geuza, bandua ya juu ikiwa bado ya moto, geuza tena, bandua tena, hivyo hivyo mpaka ziishe. Zisipate rangi. Zikishatoka zifunike kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Kata kila duara katikati. Duara 20, nusu 40, sambusa 40. Nyama mbichi ya kusaga kilo moja inatosha.

Wanaopaka mafuta mengi na kuogopa kunyunyizia unga ndio hao sambusa zao zinatiririka. Mafuta wameyafungia ndani wenyewe.

#2 Mama_Karai (Moshi)

Kipimo kizuri, hitimisho baya.

Chukua manda hizo hizo ulizobabua vizuri, zikaange kwenye mafuta ya nyuzi 140, uone. Zitakunywa. Moto ndio mwenye neno la mwisho. Mafuta yawe nyuzi 165 hadi 170, kina kama sentimita 6 au 7, na kwenye lita 2 usiweke zaidi ya sambusa 8. Watu wanatumbukiza 20 kwa pamoja, mafuta yanapoa ghafla, wanakaa wanashangaa mbona hazipati rangi. Dakika 5 au 6 zinatosha, ukizigeuza.

Asiye na kipimajoto atupe kipande cha manda. Kikizama kikakaa chini, bado. Kikipanda polepole na viputo vidogo pembeni, tayari. Kikiruka juu na kubadilika rangi hapo hapo, epua karai ipumue.

#3 mla_bure

Nimekaa kwa kutulia. Chai ninayo, nasubiri sambusa za majaribio.

#4 Chuga_Fizikia (Sakina, Arusha)

Mama_Karai yuko sahihi kwa Moshi, ila Arusha tuko juu. Huku maji yanachemka kabla ya nyuzi 100, kwa hiyo na mafuta hayashiki moto vizuri. Ndiyo sababu sambusa za Arusha zinakunywa zaidi. Kule bondeni kwenu hamlijui hilo.

#5 Kipimajoto

> Chuga_Fizikia alisema: na mafuta hayashiki moto vizuri

Nusu ya kwanza sawa, nusu ya pili hapana. Arusha mjini ni kama meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Moshi mjini ni kati ya meta 800 na 900, kama nyuzi 97. Lakini mafuta ya karai hayachemki. Yanapanda joto kadiri jiko linavyoyapa, Arusha au Tanga. Nyuzi 170 ni nyuzi 170.

Mwinuko unagusa kitu kingine: maji yaliyo ndani ya chakula. Kwa kuwa yanageuka mvuke mapema, ndani ya kipande panaiva taratibu huku nje panaungua. Kanuni ya wapishi wa nyanda za juu ni kupunguza joto la mafuta nyuzi moja na nusu hadi mbili kwa kila meta 300 hivi. Kwa Arusha ni kama nyuzi 7 au 8. Hiyo inahusu kuku mbichi, maandazi, vitu vinavyoivia ndani ya mafuta. Sambusa nyama yake imeshaiva, haihusiki sana.

#6 Chuga_Fizikia (Sakina, Arusha)

Kwa hiyo mwinuko unahusika. Asante kwa kuniunga mkono.

#7 Bibi_Giligilani (Moshi)

Wote mnazunguka sufuria. Tatizo ni nyama yenye maji.

Nyama ikiwa na mchuzi, manda inalowa kwa ndani wakati bado iko kwenye sinia. Ikilowa inachanika kwenye mkunjo, na ikichanika mafuta yanaingia kama mgeni aliyekuta mlango wazi. Hapo manda ya Fundi na moto wa Mama_Karai havisaidii kitu.

Nyama kilo moja, steki ya kusaga isiyo na mafuta mengi. Mwambie muuza bucha aisage mara mbili, na asiioshe baada ya kusaga. Wengi wanapotea hapo: nyama ioshwe ingali kipande, ikaushwe, ndipo isagwe. Iliyooshwa baada ya kusagwa imebeba maji kama pamba.

Sufuria pana, bila mafuta, bila tone la maji. Tia nyama, chumvi kijiko kimoja cha chai kilichojaa, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa kijiko kimoja kimoja cha chakula, ndimu moja. Moto wa kati. Vunjavunja kwa mwiko tangu mwanzo, usiiache ishikane mabonge. Itatoa maji, yatachemka, yatakauka. Sikiliza sauti: ikitoka kwenye kutokota ikaanza kuchachatika, maji yameisha. Ni dakika 12 hadi 15. Kama ilikuwa na mafuta yake, inamisha sufuria uyachote. Ndipo utie binzari nyembamba ya kusaga kijiko cha chai, pilipili manga nusu kijiko, na garamu masala kidogo kwa anayependa. Epua.

Kitunguu, gramu 350, kikatwe kidogo sana na kitiwe baada ya kuepua, nyama ikiwa vuguvugu. Kisipikwe na kisitiwe chumvi. Kitunguu kikikutana na chumvi na moto mkali kinamwaga maji. Giligilani na pilipili mbuzi mwisho kabisa, nyama ikishapoa. Na ipoe kweli. Ya moto inatoa mvuke ndani ya manda.

#8 Dada_wa_Njiro

Shikamoo bibi. Nakazia la kitunguu. Vile vyekundu vya Mang'ola vina maji kidogo na ukali wa kutosha, vinafaa kuliko vikubwa vyeupe. Kama huna budi kutumia vyenye maji, vikate, vieneze kwenye kitambaa safi, kunja, kamua.

Ila napinga "bila mafuta". Nyama kavu kabisa inakuwa kama changarawe mdomoni. Acha mafuta yake yenyewe, kijiko kimoja au viwili, usichote yote.

#9 Bibi_Giligilani (Moshi)

Marahaba. Kijiko kimoja nakubali. Viwili hapana.

#10 Mangi_wa_Pasua (Moshi)

Kuna njia rahisi hamuitaji kwa sababu mnaona aibu. Chenga za mkate mkavu. Vijiko vitatu vya chakula kwa kilo ya nyama, changanya ikishapoa. Zinanyonya unyevu wote uliobaki na hakuna anayezihisi mdomoni. Kiazi kilichochemshwa na kupondwa pia kinafanya kazi hiyo, na nyama inaongezeka. Ukitia viazi robo kilo, zile sambusa 40 zinakuwa 50.

#11 mla_bure

Nilijua tu hesabu ya mangi itaishia kwenye "zinakuwa 50". Na kabichi utatia lini?

#12 Mangi_wa_Pasua (Moshi)

Kabichi ina maji kuliko hata kitunguu, inaharibu biashara. Karoti vilevile, labda uikune, uikamue na kuikaanga kwanza. Ukiona muuzaji kajaza kabichi mbichi, hajui hesabu. Anaokoa kwenye nyama, anapoteza kwenye mafuta ya kukaangia.

#13 Fundi_Manda (Ngarenaro, Arusha)

Sambusa yenye kiazi iitwe sambusa ya kiazi, iuzwe bei ya kiazi. Tuendelee.

Bibi, nakubali nyama yenye maji inachana manda. Lakini nyama ikiwa kavu na manda mbichi, sambusa bado inakunywa. Lijibu hilo.

#14 Dada_wa_Njiro

Kabla hajajibu, kuna la nne ambalo hakuna aliyeligusa: tundu la pembe.

Nusu duara ina nyuzi 180. Igawe kwa macho mafungu matatu ya nyuzi 60, ncha zote zikutane katikati ya ule upande ulionyooka. Paka gundi fungu la kulia, likunje juu ya fungu la kati, halafu la kushoto lije juu yake. Umepata mfuko wenye pembe tatu. Sasa angalia ncha ya chini. Mikunjo isipokutana kabisa panabaki kitundu kidogo kama kichwa cha pini. Mafuta yanaingilia hapo, mchuzi unatokea hapo, na karai linaanza kuruka.

Inua mfuko mtupu kwenye mwanga wa dirisha uangalie nchani. Ukiona mwanga, bana ncha kwa gundi. Jaza kijiko kimoja cha chakula, gramu 25 hivi, usishindilie, bakiza sentimita 2 juu za kufungia. Paka gundi ukingo wote mpaka kwenye kona mbili za juu. Kona hizo ndizo watu huzisahau.

Gundi ni unga vijiko vitatu, maji vijiko viwili, ongeza tone kwa tone mpaka iwe nzito inayopakika kwa kidole. Gundi ya majimaji inalowesha manda. Ute wa yai unashika pia, ila unawahi kupata rangi, unabaki na michirizi ya kahawia.

#15 Mama_Karai (Moshi)

Hilo la tundu ni kweli tupu. Ila sambusa yenye tundu inajaa mafuta ndani, kwenye nyama. Fundi anazungumzia mafuta ya kwenye ganda. Ni magonjwa mawili tofauti. Ipasue katikati uone yako wapi kabla hujatibu.

#16 Kipimajoto

Nzuri hiyo, Mama_Karai. Naongeza la tano, halafu mnipige mawe.

Sambusa ikiwa ndani ya karai inatoa mvuke kwa nguvu, na mvuke unaosukuma kutoka nje unayazuia mafuta kuingia. Mafuta mengi yanaingia baada ya kuiepua. Ganda linaanza kupoa, mvuke uliobaki ndani unasinyaa, nguvu ya kuvuta inatokea, na mafuta yaliyoshika juu ya ngozi yanafyonzwa ndani. Dakika ya kwanza nje ya karai ina maana kuliko tano za ndani.

Kwa hiyo ukiepua, zikung'ute juu ya karai mara mbili tatu, halafu zisimamishe kwenye waya au chujio pana, ncha chini, zikiwa na nafasi. Ukizilaza kwenye sinia moja juu ya nyingine, za chini zinaogelea kwenye mafuta ya za juu. Gazeti achana nalo, wino wake si kiungo.

#17 Fundi_Manda (Ngarenaro, Arusha)

> Kipimajoto alisema: mafuta mengi yanaingia baada ya kuiepua

Yanaingia wapi kama hakuna vitundu? Na vitundu vimetokana na nini kama si maji ya manda? Umerudi kwangu kwa mlango wa nyuma.

#18 Mama_Karai (Moshi)

Na yanashika vizuri juu ya ngozi kwa nini, kama mafuta hayakuwa mazito kwa kupoa? Karudi kwangu.

#19 Kipimajoto

Au mafuta ni ya zamani. Yaliyokaangiwa mara nyingi yanakuwa mazito, yanatoa povu na kung'ang'ania ngozi ya chakula. Hapo sitarudi kwa yeyote kati yenu.

#20 mpishi_mpya_Kijenge

Habari zenu wataalamu. Nimesoma yote. Swali: kwa nini sambusa zinatoka na malengelenge, vipovu vidogo vidogo juu ya ngozi, badala ya kuwa laini? Unga nusu kilo, nimefuata vipimo vya #1, ila nimetia hamira ya unga nusu kijiko.

#21 Fundi_Manda (Ngarenaro, Arusha)

Karibu. Hamira ya nini tena? Sambusa si andazi. Itoe na malengelenge yataondoka.

#22 Bibi_Giligilani (Moshi)

Si lazima iwe hamira, mwanangu. Malengelenge yanakuja hata bila hamira, manda ikiwa mbichi au mafuta yakiwa makali mno. Unyevu ulio chini ya ngozi unageuka mvuke kabla ngozi haijakauka, unakosa pa kutokea, unainua. Anza na moto wa kati, nyuzi 150 au 155, dakika mbili za mwanzo, ndipo upandishe.

#23 Mama_Karai (Moshi)

Bibi, ukianza na 150 zinakunywa.

#24 Bibi_Giligilani (Moshi)

Zikibabuliwa vizuri hazinywi. Fundi kasema.

#25 Fundi_Manda (Ngarenaro, Arusha)

Nimesema.

#26 Dada_wa_Njiro

Mpishi_mpya, angalia na maji uliyokandia. Hapa kuna kambi mbili. Maji ya moto sana, yanayokaribia kuchemka, yanapika sehemu ya unga na kuulegeza mvuto wake. Donge linasukumika kirahisi, halirudi nyuma, ngozi inatoka laini, lakini manda inakuwa dhaifu, ukibandua kwa pupa inachanika. Maji ya kawaida yanaacha mvuto wote. Manda inakuwa imara kama karatasi ya khaki, ila inarudi kila ukiisukuma na inataka ipumzike zaidi. Uvuguvugu wa Fundi uko katikati.

Juni na Julai, baridi ya Arusha ikibana, donge lililokandwa kwa maji ya bomba linakuwa gumu kama udongo mkavu. Lifunike, liweke karibu na jiko, si juu yake. Moshi kwenye joto la Februari tatizo ni jingine: manda zinakauka mezani wakati unakunja. Toa tano tano, nyingine zibaki zimefunikwa.

#27 Chuga_Fizikia (Sakina, Arusha)

Hata unga wenyewe unategemea. Wa mikate una mvuto mkubwa, wa keki mdogo. Wa keki usiuguse kabisa kwa manda.

#28 mla_bure

Chuga_Fizikia leo kasema kitu bila kutaja mwinuko. Andikeni tarehe.

#29 mwenyekiti_wa_kamati (Moshi)

Wakuu, samahani kwa kuingilia. Ubarikio, sambusa 200, jiko moja la gesi na moja la mkaa, wapishi watatu. Zikaangwe asubuhi au jana yake? Ukumbi uko mbali na jikoni, mwendo wa dakika 40.

#30 Mangi_wa_Pasua (Moshi)

Kwa kipimo cha #1 zidisha mara tano: unga kilo mbili na nusu, nyama mbichi kilo tano, vitunguu kilo moja na robo tatu, mafuta ya kukaangia lita nne kwa karai mbili, na moja ya akiba.

Muda: sambusa 8 kwa mkupuo ni mikupuo 25. Kila mkupuo dakika 6, jumla dakika 150 kwa karai moja, bado hujahesabu kusubiri mafuta yarudie joto. Karai mbili, saa moja na robo kwa uchache. Panga saa mbili. Karai la gesi apewe anayejua kudhibiti moto. Mkaa unashuka katikati ya kazi, lazima uwe na mwingine umewaka pembeni.

Wapishi watatu kukunja 200 siku hiyo hiyo na kukaanga, hapana. Kunjeni siku mbili kabla, gandisheni.

#31 Dada_wa_Njiro

Kugandisha kuna adabu yake. Sinia linyunyiziwe unga, sambusa zipangwe zisigusane, ziingie friza saa mbili au tatu mpaka ziwe ngumu, ndipo zijazwe mfukoni. Ukizijaza zikiwa laini zitaganda donge moja na utazivunja pembe. Nyama ipoe kabla, lakini isikae mezani zaidi ya saa mbili.

Siku ya kukaanga usiziyeyushe. Zikiyeyuka zinatoa jasho, manda inalowa na kunata. Zitoke friza ziingie kwenye karai, nyuzi 160, sita tu kwa mkupuo badala ya nane, dakika 8 hivi. Zipanguse unga na chembe za barafu kwanza, barafu ikiingia kwenye mafuta inaruka vibaya.

Umeme ukikatika msifungue friza. Iliyojaa na isiyofunguliwa inahimili kama saa 48, ya nusu saa 24.

#32 Mama_Karai (Moshi)

Mimi ningekaanga mara mbili. Mara ya kwanza nyumbani, nyuzi 150, dakika 3, zikiwa bado nyeupe. Zipoe wazi kwenye waya. Mkifika ukumbini, nyuzi 180, dakika moja na nusu mpaka mbili, zinatoka zinavunjika kama biskuti. Jiko moja dogo nyuma ya ukumbi linatosha.

Msizitie kwenye hotpoti zikiwa za moto. Mvuke unageuka maji kwenye mfuniko, na dakika 40 zikiisha mtakuwa mmebeba chapati zenye nyama. Boksi la karatasi lenye matundu, waya chini, kitambaa chepesi juu.

#33 Fundi_Manda (Ngarenaro, Arusha)

Mara mbili zinakunywa mara mbili.

#34 Kipimajoto

Na zinapoa mara mbili, kwa hiyo zinavuta mara mbili. Lakini mkaango wa pili ni mfupi na moto mkali, mvuke unasukuma sehemu ya mafuta nje tena. Ningependa mtu apime: apime uzito wa mafuta kabla na baada, sambusa 20 za mkaango mmoja na 20 za miwili. Bila mizani tutabishana mpaka Krismasi.

#35 mwenyekiti_wa_kamati (Moshi)

Asanteni. Tunagandisha. Mafuta gani?

#36 Mangi_wa_Pasua (Moshi)

Mawese yaliyosafishwa, ndoo. Yanavumilia moto, hayachakai haraka, bei inakubali.

#37 Bibi_Giligilani (Moshi)

Yanaganda kwenye baridi. Sambusa ikipoa, ulimi unabaki na utando kama wa mshumaa. Wageni wakila zikiwa za moto, sawa. Wakichelewa kwa hotuba, na hotuba hazikosi, mtajuta. Alizeti iliyosafishwa.

#38 Chuga_Fizikia (Sakina, Arusha)

Iliyosafishwa, sisitiza. Alizeti ya kukamua mtaani, ile yenye rangi nzito na harufu ya mbegu, tamu kwenye mboga, ila kwenye karai la kina inatoa povu na moshi mapema sana. Na Arusha kwa kuwa tuko juu...

#39 mla_bure

Ameanza.

#40 sinia_tupu (Arusha)

Naomba kuuliza kando kidogo, ovena inakubali? Kuna watu hawaruhusiwi mafuta.

#41 Dada_wa_Njiro

Inakubali. Paka mafuta kwa brashi pande zote mbili, nyuzi 200, dakika 20 hadi 25, geuza katikati. Manda iwe nyembamba zaidi, na tabaka za mkunjo zisizidi tatu, la sivyo za ndani zinabaki unga mbichi. Rangi haitakuwa sare.

#42 Fundi_Manda (Ngarenaro, Arusha)

Hiyo ni pai iliyokunjwa. Haina ubaya, ila isiitwe sambusa.

#43 Mangi_wa_Pasua (Moshi)

Wewe leo unagawa majina tu. Yenye kiazi si sambusa, ya ovena si sambusa. Ya kuku je?

#44 Fundi_Manda (Ngarenaro, Arusha)

Ya kuku ni sambusa ikiwa manda imebabuliwa.

#45 mpishi_mpya_Kijenge

Nimerudi. Nimetoa hamira, malengelenge yamepungua, hayajaisha. Kumi za moto wa kati tangu mwanzo zina machache kuliko kumi za moto mkali. Ila zile za moto wa kati zimekunywa zaidi kidogo, karatasi chini yake imelowa.

#46 Mama_Karai (Moshi)

Asante. Nilisema.

#47 Bibi_Giligilani (Moshi)

Ulipandisha moto baada ya dakika mbili au uliuacha hapo hapo?

#48 mpishi_mpya_Kijenge

Niliuacha hapo hapo.

#49 Bibi_Giligilani (Moshi)

Basi hujajaribu njia yangu.

#50 Fundi_Manda (Ngarenaro, Arusha)

Na manda ulizibabua sekunde ngapi kila upande?

#51 mpishi_mpya_Kijenge

Kama 10 hivi, niliogopa zisikauke zikavunjika kwenye mkunjo.

#52 Fundi_Manda (Ngarenaro, Arusha)

Kumi! Hizo ni mbichi. Zinavunjika ukizibabua kwa moto mkali au ukiziacha wazi, si kwa sekunde 30 za moto mdogo. Rudia na 30, zifunike papo hapo, ulete majibu ya karatasi.

#53 Kipimajoto

Na uzisimamishe kwenye waya, usizilaze kwenye karatasi. Karatasi iliyolowa haituambii mafuta yameingia kiasi gani, inatuambia yametoka kiasi gani.

#54 mwenyekiti_wa_kamati (Moshi)

Chatne ya ukwaju kwa watu 100, ukwaju kiasi gani?

#55 Bibi_Giligilani (Moshi)

Robo tatu kilo, uloweke kwa maji ya moto lita mbili, uchuje, utie sukari guru, chumvi, pilipili na binzari nyembamba iliyokaangwa kavu. Uchemshe uzito ushike, upoe. Fungua uzi mwingine, huu ni wa mafuta.